Trei ya Juu

Kaka yangu alitoa hukumu akiwa bado amelala chali chini ya gari, miguu tu ndiyo ikionekana. Alisema injini imekwisha, sili ya nyuma inayozuia oili imekufa, na Jumamosi atakuja mtu kulichukua. Hakuniuliza. Alitoka chini, akajipangusa mikono kwa kitambaa changu cha jikoni, akaingia sebuleni kumweleza mama mpango mzima, kana kwamba gari lile halina mwenyewe.

Nilimfuata mpaka mlangoni nikasema gari haliuzwi.

Akacheka. Kaka yangu ana kicheko anachowawekea wateja wabishi, kinatokea puani tu. Mtaa mzima unamwita Bingwa, naye amelizoea jina hilo hivi kwamba ukimwita kwa jina lake halisi anageuka kutazama ni nani anayeitwa. Ana gereji, ana duka la vipuri, ana mafundi wanaosema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Nyumbani kwetu neno lake kuhusu injini halina rufaa. Mimi ni dada yake mdogo, muuza mayai, niliyerudi kwa mama na mabegi yangu baada ya ndoa kunishinda, kwa hiyo kwa mahesabu yake sina kura.

Gari lenyewe ni la zamani, sikatai. Rangi yake ilikuwa ya maziwa, sasa ni ya chai iliyolala. Mlango wa nyuma wa kushoto hufunguka kwa ndani tu, na kiti cha dereva kimechanika mpaka sponji inachungulia. Lakini ufunguo wake baba alinikabidhi mimi, mkononi, mbele ya Bingwa huyohuyo, kwa sababu ni mimi niliyekuwa nikimwendesha alipokuwa hawezi tena kukanyaga klachi. Tangu afariki, gari hilo ndilo linalonilisha. Kila alfajiri napanga trei za mayai kwenye kiti cha nyuma, nazifunga kwa shuka kuukuu, nazungukia maduka na hoteli. Mayai hayapandi pikipiki, na anayebisha ajaribu.

Halafu kuna jambo jingine ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Nyumba ni ya mama, na hata kitanda ninacholalia ni cha mama. Ndani ya gari lile ndimo mahali pekee ambapo hakuna anayeniambia nisogee.

Bingwa alikuwa ameshanipangia pa kwenda likishauzwa. Nitakaa kwenye kaunta ya duka lake, juu ya stuli, nyuma ya wavu, nikiuza plagi na balbu. Nilimsikia akimwambia mama kwamba nitatulia. Neno hilo lilinichoma. Nilishatulia kwenye ndoa, nakujua kutulia kulivyo, na sikurudi nyumbani kuja kutulia mara ya pili.

Nisimwonee, alikuwa amejaribu. Uvujaji ulianza kwa tone moja moja, nikadhani ni maji. Baadaye nikawa nalaza katoni chini ya injini kila jioni, na kila asubuhi katoni ilikuwa imenywa oili hadi kuwa laini kama kitambaa. Mwenye hoteli moja aliniomba kwa upole nisiegeshe tena mlangoni kwake, maana wageni walikuwa wakikanyaga na kuhamishia madoa kwenye zulia. Bingwa akaja akabadilisha gasketi ya sampu, lile beseni la chini linalobeba oili. Ikavuja. Akarudi akapaka silikoni, nyingi, kama mtu anayesiliba ukuta. Ikavuja. Akakaza boliti zote mpaka nyingine zikalia. Ikavuja. Ndipo akatangaza kwamba sasa ni sili iliyo kati ya injini na giaboksi, kwamba kuifikia ni kufumua gari zima, na gari la umri huu halistahili kazi hiyo. Bingwa akishindwa, kosa huwa la gari.

Keshoyake asubuhi nilikuwa nashusha mayai kwa mteja wangu mmoja, mama mwenye duka la kona. Trei ya chini kabisa ilikuwa imelowa chapachapa. Akaanza kuyainua mayai ya trei ile moja moja, akiyageuza kwenye mwanga, akitafuta lililopasuka. Nilimwambia asijisumbue, aanze juu. Na kweli, lililopasuka lilikuwa kwenye trei ya juu, pembeni, ufa mdogo tu. Ute ulikuwa umeteremka kimyakimya trei hadi trei, na zile za katikati zilionekana kavu ukizitazama kwa mbele. Wateja wangu wote hukosea hapo. Kunakolowa sana ni chini, basi mtu anaparamia chini.

Nikabaki nimesimama na trei mkononi kama niliyesahau nilichokuja kufanya. Nilikuwa namwona Bingwa, miguu nje, mwili chini ya gari. Kila alipokuja alianzia hapohapo. Sikuwahi kumwona hata mara moja akifungua boneti.

Nilipomaliza mzunguko sikwenda kulala kama kawaida yangu. Niliegesha uani, nikaacha injini ipoe, nikazifunga kwa mifuko ya plastiki sehemu zote za umeme nilizozijua na nyingine ambazo sikuzijua. Nikachukua mafuta ya taa na brashi ya kufulia, nikaisugua injini ile kutoka juu hadi chini. Uchafu ulitoka kwa matabaka. Chini yake nilikuta chuma chenye rangi ambayo sikuwahi kuiona, kijivu safi, na nilijisikia fahari ya kipumbavu, kama mtu aliyefua shati la mtu mwingine likatakata. Nilisuuza, nikakausha kwa matambara, kisha nikachukua kopo la poda ya mwili, ile ya mama, nikainyunyizia injini nzima mpaka ikawa nyeupe. Nilitaka oili ikitoka iniwekee alama yenyewe, isije ikanidanganya.

Bingwa alipita wakati huo kuchukua jeki yake. Aliitazama injini, akanitazama mimi niliyejaa poda hadi kwenye nyusi, akaniuliza kama naipamba iende harusini.

Nikamwambia inakwenda kazini, kesho asubuhi kama kawaida. Akatikisa kichwa. Akanikumbusha kwamba yule mnunuzi wa vyuma chakavu anafika Jumamosi na lori lake, nisije nikaanza vituko mbele ya mgeni. Nilimpa kisogo, nikafunga boneti.

Nililiendesha gari hadi barabara kuu, nikapanda kilima, nikarudi. Nikafungua boneti. Kulikuwa na mchirizi mweusi unaoshuka kutoka kwenye kifuniko cha juu cha injini. Nilitaka kupiga kigelegele, nikajizuia, nikaendelea kutazama. Kulikuwa na mchirizi mwingine mbele, karibu na puli. Nikajilaza chini na tochi, nikaona wa tatu, nyuma, palepale Bingwa aliposema.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia. Hakikuwa kilio cha huzuni, kilikuwa cha hasira. Nilimchukia kaka yangu kwa kuwa amepatia, nikalichukia gari kwa kunisaliti, nikajichukia kwa kupoteza poda ya mama. Nilijiona tayari niko juu ya ile stuli, nyuma ya wavu, nikiulizwa bei za balbu.

Machozi yalipokwisha, ubishi ukabaki. Sehemu tatu, niliwaza. Kifuniko cha juu, mbele, nyuma. Sili na gasketi za umri tofauti, mbili kati ya hizo baba alizibadilisha mwaka wake wa mwisho, nilikuwepo, nilimshikia tochi. Zote zimekubaliana kufa kwa pamoja? Nyumba nzima ikiumwa tumbo siku moja humchunguzi mtoto mmoja mmoja, unauliza kilichopikwa. Kulikuwa bado na trei ya juu zaidi ambayo sijaifikia.

Ndipo nikakumbuka mchezo wa baba. Kila alipomaliza kubadilisha oili aliwasha injini, akafungua mfuniko wa kujazia oili, akaupindua na kuuweka juu ya tundu bila kuukaza. Mfuniko ulitetemeka pale, ukicheza kidogo, na baba alitabasamu akasema inapumua. Nilipokuwa msichana nilidhani ni utani wake tu. Baadaye alinieleza kwamba ndani ya injini daima kuna moshi kidogo unaopenya kwenye pistoni na kushuka chini, nao lazima upate njia ya kutokea, la sivyo utasukuma oili itoke popote inapopata upenyo.

Niliwasha gari, nikafungua mfuniko, nikaupindua juu ya tundu. Haukucheza. Uliruka, ukagonga rejeta, ukaangukia chini, na pumzi ya moto yenye harufu ya oili ikanipiga usoni. Nikaweka kiganja juu ya tundu. Kitu kilikuwa kinakisukuma kiganja changu kutoka ndani, kwa nguvu, bila kukoma. Injini yangu haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa imezibwa pumzi.

Nilizima, nikaufuata mpira wa kutolea moshi kwa vidole. Unatoka kwenye kifuniko cha juu, unapita nyuma ya sanduku la chujio la hewa, unapaswa kuingilia kwa chini, mahali ambapo mkono hufika kabla ya jicho. Haukuingia popote. Mwisho wake ulikuwa umepasuka na kukatwa, na ndani yake kumeshindiliwa boliti nene, na juu ya boliti kumezungushwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, umekazwa hasa.

Mkazo ule niliujua hata kabla sijauona. Umezungushwa kwa kushoto, ncha imepitishwa chini ya mzunguko wa mwisho, kisha imekatwa mshazari. Mpini wa ndoo yetu umefungwa hivyo. Mpira wa maji wa mama umefungwa hivyo. Kandambili zangu za utotoni zilifungwa hivyo, na mtu mmoja tu ndiye aliyezifunga.

Sitaficha nilichokiwaza. Niliwaza kwamba kaka yangu ameliua gari langu kwa makusudi ili anipate kwenye kaunta yake. Nilisimama, nikachukua spana, nikafika hadi getini nikielekea gereji kwake nikamvue nguo kwa maneno mbele ya mafundi wake. Getini nikajizuia. Pale angenicheka kwa pua, na mafundi wangecheka naye. Nikaamua nisiiguse ile boliti. Badala yake nilikwenda dukani kwake, Ijumaa, wakati hayupo, nikanunua mpira mpya wa kipimo kilekile na klipu zake, nikalipa kama mteja yeyote. Dada wa kaunta alinipa kutoka juu ya ileile stuli yangu.

Jumamosi lori likafika. Mnunuzi wa vyuma alikuwa mzee mpole, watu humwita Mizani, mwenye tabia ya kugonga bodi la gari kwa fundo la kidole na kuinamisha sikio asikie unene wa bati. Alizunguka akigonga. Mama alitolewa kiti barazani. Bingwa alikuwa ameshauvuta mnyororo kutoka kwenye lori, akieleza kwa sauti ya mwenye mali jinsi injini ilivyokwisha.

Nikafungua boneti.

"Kaka," nikasema, "kabla hujafunga huo mnyororo, njoo uniambie hii ni kazi ya nani."

Alikuja akiwa na kile kicheko chake cha puani, akainama, akafuata kidole changu nyuma ya sanduku la chujio. Kicheko kikakatika.

"Funga boneti," alisema kwa sauti ya chini.

"Sifungi."

Mzee Mizani aliona ni vyema akakague tairi za lori lake mwenyewe. Mimi nikayatoa yote, tena kwa sauti ambayo majirani hawakuhitaji kuja ukutani ili waisikie. Nilimwambia amenizibia gari ili liharibike, alipoona linakawia kufa akaliitia mnunuzi, yote hayo ili nikae nyuma ya wavu wake nimpokelee simu. Bingwa aliinuka akanitazama. Nimemjua mtu yule maisha yangu yote na sikuwahi kumwona uso ule. Aliniuliza kama kweli namwona ni mtu wa kufanya hivyo. Nilikuwa nimefungua mdomo nimjibu ndiyo.

"Ni mimi niliyemtuma," mama akasema kutoka barazani.

Sote tuligeuka. Mama alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ile siku uliyonirudisha kutoka kliniki, harufu ya oili iliingia ndani njia nzima. Nilikuwa nameza mate nisitapike. Nikamwambia kaka yako aizibe hiyo harufu, na asikuambie."

Niliikumbuka siku hiyo. Mama alikuwa amekaa mbele, dirisha wazi, leso mdomoni, na nilipomuuliza akasema ni joto. Nikaongeza mwendo ili apate upepo, nikaendelea kumsimulia habari za mwenye hoteli. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mimi mwenyewe.

"Wewe gari hilo likisemwa umesemwa wewe," alijibu. "Ungeninunia mpaka mwezi uishe."

Ni kweli, ningenuna. Bingwa aliegemea ukuta. Alieleza polepole kwamba alikuja nimelala, akakuta mpira umepasuka na moshi wote unaingilia tundu za hewa za ndani, akauziba kwa muda tu, alete mpya wiki ileile. Wateja wakamzonga, akasahau. Gari lilipoanza kuvuja aliifuata oili ilikoonekana, na akili haikumrudisha juu tena.

Hasira yangu ikapoteza pa kukaa, lakini haikuondoka. Ilikuwa afadhali angekuwa mbaya. Mtu mbaya nampiga vita. Hawa walikuwa wamenipenda kimyakimya, pembeni yangu, mmoja akimeza mate na mwingine akifunga tyubu, na upendo wao ulikaribia kuninyang'anya kila nilicho nacho bila hata mmoja wao kufungua mdomo kuniuliza.

Bingwa akajikusanya, yeye ni Bingwa. Alisema sawa, kosa limeonekana, lakini bado gari ni kuukuu, sili zimeshachoshwa na presha, kifuniko cha juu kitaendelea kutoa jasho, na mzee wa watu ametoka mbali na lori lake. Busara ni liende.

"Gasketi ya juu nitaibadilisha. Ni gasketi moja, si injini nzima," nikamwambia. "Na kama limechoka, lichoke likiwa langu."

Nikachukua bisibisi. Nikaichomoa boliti yake, nikamkabidhi mkononi. Nikautoa mpira mpya uliokuwa mfukoni mwa aproni yangu, akautambua ni wa dukani kwake. Nilivisha upande mmoja, nikavisha wa pili, nikakaza klipu zote mbili taratibu. Alinyoosha mkono kuomba bisibisi. Nikausogeza wangu mbali na wake, nikamaliza mwenyewe.

Niliwasha injini, nikaupindua mfuniko wa oili juu ya tundu. Ulitetemeka. Ulicheza kidogo pale ulipo, kama enzi za baba, ukatulia kwenye mchezo wake. Mzee Mizani alikuwa amerudi bila sisi kumwona. Aliinamisha sikio, akasikiliza, kisha akaanza kuukunja mnyororo wake.

"Mimi hubeba yaliyokufa," alisema. "Hili silibebi."

Nilifunga boneti. Bingwa akanyoosha mkono tena, safari hii kwa ajili ya ufunguo, akisema alizungushe kidogo asikilize kama sili ya nyuma imepona. Alinyoosha kwa mazoea tu, kama ambavyo amekuwa akinyoosha tangu tukiwa wadogo, na kila kitu kikimfikia.

"Naendesha mimi," nikasema. "Wewe panda nyuma."

Alinitazama, akamtazama mama, mama akatazama pembeni. Akaenda mlango wa kushoto, akavuta, ukamgomea. Akazunguka hadi wa kulia, akaingia kwa kuinama, akajisogeza hadi katikati ya trei tupu, magoti yamemfika kifuani. Mama niliuweka mkono wake begani kwangu, nikamketisha mbele, nikamteremshia kioo.

Kabla sijaweka gia nilimgeukia. Nilimwambia, mbele ya kaka, asikie vizuri: akisikia harufu, aniambie mimi, hapohapo, hata kama ni katikati ya barabara.

"Na ukininunia?" mama akauliza.

"Nitanuna," nikamwambia, "huku naendesha."